Shoti Kwenye Kompyuta Iliyozimwa

"Mvalishe ndala mtoto."

Hilo ndilo jibu nililopewa. Binti yangu, hajafikisha hata miaka mitatu, amejikunja mapajani mwangu, mdomo wazi, kile kilio cha kushikwa pumzi ambacho kila mama anakijua na hakuna anayekitaka. Alikuwa amegusa sipiyu, lile boksi la chuma la kompyuta yangu, chini ya meza ya kazi, likamrusha akakaa kitako. Mama mwenye fremu, aliyenipangisha kile chumba cha biashara, alikuwa amesimama mlangoni anangoja nimtolee kopi ya kitambulisho. Akamtazama mtoto, akanitazama mie, akasema mvalishe ndala. Halafu akaongeza, "Na kopi yangu usiitoe nyeusi kama ya juzi."

Nilikuwa mpangaji mzuri mpaka siku hiyo. Shikamoo yangu ya asubuhi haikukosa. Aliposema tusimwage maji ya deki mbele ya fremu, sikumwaga. Aliposema bango langu la steshenari limezidi ukubwa, nililikata kwa msumeno mwenyewe. Ila siku ile nilikitoa kitambulisho chake kwenye mashine ya kopi nikamrudishia mkononi.

"Mama, leo hakuna kopi."

"Umeme umekatika?"

"Upo. Mwingi mno. Ndiyo maana nafunga."

"Yaani unafunga biashara kwa kishoti kimoja? Hilo dude lako la zamani ndilo linavuja. Litupe, ununue laptopu kama wenzio."

"Nitalitupa nikishajua kosa ni lake."

Akaguna, akaondoka anaburuza viatu juu ya pevingi zake, yale matofali aliyotandaza uwanjani. Nikabaki nampuliza binti yangu vidole. Alipoanza kupata pumzi na kulia kwa sauti, nikashukuru, maana kilio chenye sauti nakiweza. Ndipo nikainua macho nikaona kitu kilichonichoma kuliko lile neno la ndala. Swichi ya ukutani, ile ya soketi ya kompyuta, ilikuwa imezimwa. Niliizima mwenyewe asubuhi ili nifagie chini ya meza, na sikuwa nimeiwasha tena. Mwanangu alikuwa amepigwa shoti na kompyuta iliyozimwa.

Sasa niwaeleze hiyo kompyuta, kwa sababu imetukanwa sana na mie sipendi kitu changu kitukanwe bure. Niliinunua Tabata kwa kaka mmoja aliyekuwa anafunga intaneti kafe yake, baada ya watu wote kuhamia kwenye simu. Ni ya zamani, sikatai. Boksi lake limechubuka rangi, na kwenye kibodi yake herufi A ilishafutika, naipiga kwa mazoea. Lakini ndiyo iliyonitoa nyumbani kwa shemeji yangu nilikokuwa nalala sebuleni na mtoto, ikaniweka Kibamba kwenye chumba changu na fremu yangu. Kwa hiyo ilipoumwa, niliiuguza.

Mara ya kwanza iligoma kuwaka ikawa inapiga mlio, pi, pi, pi, kama inaita mtu. Niliangalia video kwenye simu, nikafungua boksi, nikazichomoa ramu, vile vipande virefu vyembamba vinavyokaa kwenye mfereji, nikavisugua meno yake kwa ufutio wa penseli, nikavirudisha. Ikawaka. Nilijisikia kama daktari. Mara ya pili kila ikizimwa ilikuwa inarudi kwenye mwaka wa zamani, barua za watu zinatoka na tarehe za ajabu, mzee mmoja akaniuliza kama nataka kumrudisha ujanani. Nikabadilisha betri, ile ya mviringo kama kifungo cha koti. Ikapona. Mara ya tatu ilikuwa inazima yenyewe ikipata joto. Feni ilikuwa imevaa vumbi kama blanketi, nikalisafisha kwa brashi ya rangi. Ikapona.

Nayasema haya ili ijulikane kwamba mie si mtu wa kulia lia. Kompyuta ikiwa na kosa, nalitafuta, nalikuta, tunaendelea na kazi.

Shoti zilianza baadaye. Mwanzo ulikuwa mtekenyo tu nikiegemeza goti kwenye boksi. Halafu mausi ikawa inaruka yenyewe kwenye skrini, inafungua vitu ambavyo sijavigusa, inafuta wasifu wa mtu aliyesimama nyuma yangu anaomba Mungu apate kazi. Halafu wateja wakawa wanashtuka wakichomeka flashi zao. "Sista, kompyuta yako inang'ata," kijana mmoja aliniambia, na siku iliyofuata nikamwona anatoka steshenari ya kule barabarani na karatasi zake mkononi. Hakunisalimia. Hiyo inauma kuliko shoti.

Nikampigia yule kaka wa Tabata aliyeniuzia, maana ni fundi pia. Akaja, akalishika boksi, akaachia haraka, akacheka.

"Pawasaplai hiyo, sista. Inavuja."

Pawasaplai ni lile sanduku la ndani linalopokea umeme wa ukutani. Akaleta nyingine iliyotumika, akaifunga, tukawasha, ikang'ata vilevile. Akakuna kichwa. Akaniambia kuna dawa moja, kila fundi anaijua, nikate pini ndefu ya plagi.

"Ile ya katikati?"

"Hiyohiyo. Haina kazi. Umeme unapita kwenye hizi mbili za chini. Ukiikata, inaisha."

"Na vitundu vya soketi vitafunguka vipi? Si ndiyo inayovifungua?"

"Unachokoa na kalamu, sista, kama watu wote."

Ni kweli, kama watu wote. Kwenye fremu zetu hakuna soketi ambayo haijawahi kuchokolewa kwa kalamu ya wino. Ila mie niligoma. Sikuwa na sababu ya maana, niliona tu kwamba mtu aliyeitengeneza plagi hakuwa na chuma cha kuchezea. Kaka wa Tabata akasema basi nivumilie, nikae na ndala, niweke boksi juu ya kreti la soda la plastiki. Nikafanya yote mawili. Nikawa nafanya kazi nimevaa ndala kama niko bafuni, na nikamfundisha binti yangu kwamba lile boksi ni moto. Lakini mtoto wa umri ule ukimwambia moto anataka kujua ni moto gani.

Kwa hiyo jioni ya siku ile ya kopi, nilifunga fremu, nikatia skrini, kibodi na mausi kwenye mfuko, nikalibeba boksi kwenye bodaboda nimelikumbatia mbele na mtoto mgongoni, nikaenda nalo nyumbani. Njiani nilipitia duka la vifaa vya ujenzi nikanunua testa, ile bisibisi yenye taa ndogo ndani ya mpini. Ukigusa mahali penye umeme, taa inawaka.

Nyumbani nikachomeka kompyuta, nikaiwasha, nikagusa boksi kwa testa. Taa haikuwaka. Nikagusa kona zote, nyuma, juu, kwenye skrubu. Giza. Nikavua ndala, nikasimama kwenye sakafu ya simenti na miguu mitupu, nikaligusa kwa nyuma ya kidole. Hakuna kitu. Ilikuwa Jumamosi. Jumapili nzima niliiacha imewashwa, nikachapa kazi za watu, na mausi haikuruka hata mara moja. Ilitulia kama mtoto aliyepelekwa kwa bibi.

Jumatatu nikairudisha fremu. Binti yangu nilimwacha kwa dada wa juisi, jirani yangu wa fremu ya pili, ambaye huwa anamkalisha mlangoni kwake na kipande cha barafu. Nikachomeka plagi, sikuwasha swichi. Nikaweka testa kwenye boksi. Taa ikawaka, nyekundu, na kila kitu kimezimwa.

Nikachomoa plagi. Ikazimika. Nikachomeka, ikawaka. Nikafanya hivyo mpaka nikachoka kuamini macho yangu. Kama swichi imezimwa na umeme bado unakuja, basi haupiti njia ya swichi. Na kama haupiti kwenye pini mbili za chini, imebaki moja.

Mie fizikia nilipata D, na mwalimu wetu alikuwa anafundisha amegeukia ubao. Lakini kitu kimoja nilikumbuka, labda kwa sababu ya rangi zake: waya wa kijani wenye mstari wa njano. Mafundi wanauita ethi. Huo haubebi umeme. Kazi yake ni kungoja. Kitu kikiharibika, umeme ukapanda kwenye bati la friji au boksi la kompyuta, waya huo unauchukua na kuupeleka chini, ardhini, kwenye chuma kilichozikwa nje ya nyumba. Pini ndefu ya plagi ndiyo mlango wake.

Nikachokoa kitundu cha juu cha soketi kwa testa. Mahali ambapo hapatakiwi kuwa na kitu. Taa ikawaka nyekundu.

Kwa hiyo kompyuta yangu haikuwa inavuja. Ilikuwa inavujishiwa.

Dada wa juisi ni mtu wa Mtwara, ana maneno mengi na roho nzuri, ananizidi miaka kidogo tu ila anapenda kuniita mdogo wangu. Nilipoingia kwake na testa mkononi, alikuwa anafungua friji lake amtolee mteja juisi ya ukwaju. Nikamwona akikunja pindo la kanga, akashika nao mkono wa friji, akafungua, akatoa chupa, akafunga kwa goti lililofunikwa na kanga. Kwa ustadi kabisa, bila kuangalia. Nimekaa naye jirani muda wote huo, nikidhani ni maringo.

Mteja alipoondoka nikamwuliza, "Dada, mbona unafungua na kanga?"

"Lina baridi."

"Kwa nje?"

Akalitazama friji. "Linapigaga. Si sana. Ukishalizoea unajua pa kushika."

"Tangu lini?"

"Aa, mdogo wangu, friji la mtumba hilo. Kila friji lina tabia yake."

Binti yangu alikuwa amekaa mlangoni anafyonza barafu, maji yanamtiririka mpaka tumboni, amelowa yeye na sakafu. Nikamnyanyua kabla sijasema kitu kingine, nikamweka nje kwenye jua. Halafu nikamwambia jirani yangu achomoe friji.

"Nichomoe? Juisi yangu unataka kuichemsha?"

"Dakika mbili tu."

Akachomoa. Nikarudi kwangu nikagusa boksi. Taa haikuwaka. Nikapaza sauti, "Chomeka." Ikawaka. "Chomoa." Ikazimika. Kinyozi wa fremu ya tatu akatoka na mashine ya kunyolea mkononi, mteja wake ana nusu kichwa, akauliza kama tunafanya mazoezi. Nikamwuliza kama na kwake kunapiga. Akanionyesha kipande cha boksi la soksi alichokitandika chini ya kiti chake. "Nikisimama hapa hakunipati," alisema, kama mtu anayeeleza mahali pazuri pa kupumzikia.

Yaani safu nzima. Mmoja ana kanga, mmoja ana boksi la soksi, mie nina ndala. Kila mtu ametafuta dawa yake kimyakimya na kuona aibu ya kitu chake cha zamani. Na mwenye nyumba anapita katikati yetu anatukagua mabango.

Friji lilikuwa na kosa, hilo sawa. Ila friji mbovu kwa jirani halitakiwi kumpiga mtoto kwangu, kwa sababu ule waya wa ethi unatakiwa uuchukue huo umeme uupeleke chini. Kama hauendi chini, unakwenda kwa majirani. Nyaya zote za ethi za fremu zetu zimeunganishwa. Tumefungwa pamoja kama nguo kwenye kamba moja.

Nikazunguka nyuma ya fremu, kwenye boksi la mita. Kuna bomba la plastiki la kijivu linaloshuka ukutani kutoka pale. Lilitakiwa kuingia ardhini. Lilikuwa limeishia juu ya pevingi, na ndani yake kulikuwa na ncha ya shaba, fupi kama kucha, imekatwa vizuri kwa koleo. Chini yake pevingi imenyooka, nyekundu na kijivu, imepangwa kwa maua.

Dada wa juisi alikuwa amenifuata, amembeba binti yangu.

"Si ndio ule waya waliokata siku ya pevingi," alisema.

"Nani alikata?"

"Mafundi. Walimwuliza mama, kuna waya hapa na chuma kimetokeza, kinatuharibia usawa. Mama akasema ni wa antena ya mpangaji wa zamani, kateni. Chuma wakakigonga kikazama, waya wakauchukua. Yule wa chuma chakavu na mkokoteni si alikuwa anapita palepale."

"Na wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwa nawauzia juisi."

Nikahesabu kwa kichwa. Mtekenyo wa goti ulianza baada ya pevingi. Sikuwahi kuviunganisha, kwa sababu nani anaunganisha matofali ya uwanjani na mausi inayoruka?

Mama mwenye fremu anaishi nyumba ya nyuma, geti jeusi. Nilimkuta anafagia. Pevingi hizo anazifagia mwenyewe, hamwachii mtu, na naelewa, maana kabla yake palikuwa na tope la kufika kwenye vifundo na wateja walikuwa wanaruka kama vyura. Alizingoja muda mrefu. Nilisema shikamoo, akaitikia marahaba, nikamweleza yote, polepole, kwa heshima, na testa yangu mkononi.

Alinisikiliza ameegemea fagio.

"Kwa hiyo unataka nini, mwanangu?"

"Waya urudishwe, mama. Fundi umeme aje, azike chuma kingine, aunge. Itabidi ang'oe pevingi kidogo pale nyuma."

Hapo akaacha kuegemea fagio.

"Hakuna mtu atang'oa pevingi yangu."

"Ni vipande vichache."

"Ukishang'oa kimoja, vyote vinalegea. Unajua niliwarudisha mafundi wazipange upya mara ngapi? Wewe umekuja na likompyuta limetupwa na watu Tabata, yule amekuja na friji la mtumba, mnakusanya mavi ya chuma humu ndani halafu umeme wangu ndio mbovu."

"Mama, mtoto amepigwa na kompyuta iliyozimwa."

"Basi usije naye kazini. Sie tumelea watoto tukiwa kazini? Tulikuwa tunawaacha nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

Akafagia mahali palipokwisha fagiwa. Halafu akashusha sauti, akawa mzazi, na hapo ndipo alipokuwa hatari zaidi.

"Mwanangu, usijitafutie maadui. Kata hiyo pini ya plagi. Fundi wako si alishakwambia? Ukate, kwako kunaisha, ufanye kazi zako kwa amani. Ya jirani mwachie jirani. Mkataba wako unakaribia kuisha, na mie sipendi kumtoa mtu mwenye mtoto."

Alijua anachosema. Na ukweli ni kwamba alikuwa sahihi kuhusu pini. Ningeikata, kompyuta yangu ingekaa peke yake, wateja wangerudi, na mkataba ningepewa. Nilirudi fremu nikaishika plagi mkononi na kisu cha jikoni, nikakaa nayo. Nje, binti yangu alikuwa amesharudi mlangoni kwa dada wa juisi, ameinua mkono mbele ya friji, anasema, "Babafu. Babafu." Kila siku atasema hivyo. Na si kila siku atakuwepo mtu wa kumfungulia kwa kanga kabla hajaligusa.

Nikaweka kisu chini, nikalibeba tena boksi na vifaa vyake nikaenda navyo nyumbani, kwenye umeme wenye ethi. Nikachapa.

Mie malalamiko nayajua. Nimewachapia watu wa mtaa huu malalamiko ya kila aina: mbuzi waliokula mchicha, ukuta uliosogea usiku, shemeji aliyehamia na hahami. Najua YAH inakaa wapi na mstari unapigwa wapi. Najua kwamba ukiandika umeumia sana wanaweka pembeni, ukiandika kilichotokea wanauliza swali. Nilikuwa sijawahi kuchapa la kwangu. Rasimu ya kwanza ilikuwa matusi matupu, nikaifuta. Ya pili ilikuwa na neno "tafadhali" kila mstari, nikaifuta kwa hasira zaidi.

Kabla ya kuipeleka nilimpitishia dada wa juisi aisome na aweke sahihi chini ya yangu. Alisoma kwa midomo mpaka alipofika kwenye ombi la mwisho. Akanirudishia.

"Hapa unaniua, mdogo wangu. Umeme ukikatwa nauza nini?"

"Na mie naprinti kwa nini? Kwa pumzi?"

"Wewe utaenda kuchapa nyumbani. Friji langu nitalibeba mgongoni?"

Hapo alikuwa na haki. Mwisho akasema sahihi haweki. Ila nikiulizwa nani aliona waya ukikatwa, nimtaje yeye, hatakana; nikauongeza mstari huo. Halafu akaenda akachomoa friji, akaanza kuhamishia chupa zake kwenye ndoo ya barafu, na akawa ananinunia huku anafanya.

Ofisi ya serikali ya mtaa nilimkuta mtendaji. Nilimpa shikamoo, akanifahamu.

"Wewe si wa steshenari? Printa yetu imekufa, nilikuwa nataka kukuletea kazi."

"Nimekuletea mie kwanza."

Akasoma. Akaiweka mezani, akaifunika kwa kiganja, taratibu, kama anamlaza mtoto.

"Hili ni jambo la majirani. Tumwite mama, mkae, myamalize kwa mazungumzo."

"Tumeshazungumza. Ameniambia nikate pini."

"Sasa si ukate?"

"Nimeandika humo kwa nini sikati. Ukurasa wa kwanza, katikati."

"Mama yule ni mtu mzima. Anaheshimika hapa mtaani."

"Namheshimu na mimi. Sijaandika tusi hata moja, tafuta."

Akatafuta kweli. Halafu akasema niiache, ataishughulikia. Nikamwambia naomba muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu. Akasema muhuri anao mwenyekiti, na mwenyekiti yuko msibani. Nikasema nitamngoja. Nikakaa kwenye benchi na binti yangu, nikamtolea uji wake kwenye chupa. Aliumwaga nusu kwenye sakafu ya ofisi ya serikali, akauchora kwa kidole, akaanza kuimba. Mtendaji alivumilia wimbo wa kwanza na wa pili. Wa tatu ulipoanza, alifungua droo ya meza yake mwenyewe, akatoa muhuri, akaupuliza, akaugonga kwenye karatasi zote mbili.

Hiki ndicho alichokigonga:

YAH: LALAMIKO DHIDI YA MWENYE NYUMBA KWA KUKATA WAYA WA ETHI WA FREMU ZA BIASHARA NA KUKATAA KUURUDISHA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mpangaji wa fremu ya kwanza, ninafanya kazi ya steshenari. Wakati wa kuweka pevingi, mwenye nyumba aliruhusu mafundi kukata waya unaoshusha umeme wa hatari ardhini, akidhani ni wa antena. Hilo lilikuwa kosa na silishitaki. Ninashitaki kwamba nimemwonyesha kosa hilo na amekataa kulirekebisha.

Tangu waya ukatwe, kifaa kikiharibika kwenye fremu moja, umeme unasambaa kwenye fremu zote. Mtoto wangu alipigwa shoti na kompyuta yangu ikiwa imezimwa ukutani. Nimeipima kompyuta hiyo nyumbani kwangu, ni nzima. Nimepima soketi yangu, ina umeme mahali pasipotakiwa kuwa na umeme. Ncha ya waya uliokatwa ipo nyuma ya fremu, chini ya boksi la mita, mtu yeyote aende akaitazame. Shahidi aliyeona ukikatwa yupo na amekubali kutajwa.

Nimeshauriwa nikate pini ya plagi yangu ili kwangu kuwe salama. Nimekataa, kwa sababu pini ikikatwa kwangu, umeme huo unabaki kwa wengine, na watoto wa mtaa huu wanaingia fremu zote kununua barafu, daftari na pipi, wengi wao pekupeku.

Kwa hiyo naomba mambo yafuatayo. Fundi umeme mwenye leseni aitwe akague fremu zote. Pevingi zing'olewe mahali panapohitajika, chuma kizikwe, na waya uungwe. Mpaka kazi hiyo itakapokamilika, naomba umeme wa safu nzima ukatwe, kuanzia leo, na wa fremu yangu ukatwe wa kwanza.

Nimeambiwa mkataba wangu unakaribia kuisha. Naomba iingie kwenye kumbukumbu za ofisi kwamba niliambiwa hivyo siku niliyoulizia waya, na kwamba sikusudii kuhama.

Mlalamikaji, mpangaji wa fremu ya kwanza.